Tusiwanyime watoto kuogelea kwa kuogopa papa

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Video za samaki papa wakimvamia mtu majini zinazunguka kwenye simu za vijana wa Goma na Bukavu, na kuna wazazi ambao sasa wanawakataza watoto kuingia ziwani hata pale maji yanapoishia magotini. Sisi tunaofundisha kuogelea tunaomba nafasi tueleze kwa nini papa hawezi kufika Ziwa Kivu, na jinsi ya kumtoa mtu hofu hiyo bila kumuumiza.

Ni kweli ipo aina moja ya papa, Carcharhinus leucas, inayostahimili maji yasiyo na chumvi. Imekutwa ndani sana kwenye mito ya Zambezi na Amazon. Lakini papa anayeingilia Muanda, pale Mto Kongo unapomwaga maji baharini, ingembidi apande maporomoko ya Inga, kisha yale saba ya Boyoma pale Kisangani, afuate mito ya Lualaba na Lukuga mpaka Ziwa Tanganyika, halafu apande magenge ya Mto Ruzizi, ambako maji hushuka karibu mita 700 na kukatizwa na mabwawa ya umeme. Njia hiyo haipandiki. Hata mamba wa Tanganyika na Ruzizi ya chini hawaishi Kivu. Na huko baharini kwenyewe, kumbukumbu zinazotunzwa Florida zinaonyesha kuwa mwaka 2024 watu 47 duniani waliumwa na papa bila kumchokoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji.

Mwenye hofu ukimsomea hesabu hizo atakubali kwa kichwa, lakini akifika majini moyo utamwenda mbio vilevile. Mwili nao lazima ufundishwe.

Anza nchi kavu. Mwambie aipime hofu yake, 0 hadi 10. Mwonyeshe picha ya papa, akae nayo mpaka namba ishuke nusu. Kisha video isiyo na sauti. Kisha mwende ziwani. Majini ni hivyo hivyo: magotini, kiunoni, kifuani, na hapandi hatua nyingine mpaka namba ishuke. Asitoke hofu ikiwa imepanda kabisa. Akikimbia wakati huo, mwili unaamini kuwa kukimbia ndiko kulikomponya, na kesho hofu inarudi na nguvu mpya. Akivumilia, mara nyingi inashuka yenyewe kabla ya nusu saa. Kumsukuma mtu majini kwa nguvu ili "azoee" ni ukatili, na huharibu kazi yote.

Pumzi ndiyo usukani. Avute kwa hesabu ya 4, atoe kwa hesabu ya 6, mdomo ukiwa majini atoe mapovu. Asivute pumzi za harakaharaka kabla ya kupiga mbizi, kwani anaweza kuzimia chini kabla hajahisi haja ya hewa.

Kisha alale chali, kiganja cha mwalimu kikiwa chini ya mgongo, masikio ndani ya maji, kifua kimejaa hewa, macho yakitazama mawingu. Wengi huinua kichwa waangalie miguu. Papo hapo kiuno kinazama, miguu inafuata, na mtu anapiga kelele kwamba kuna kitu kinamvuta. Ni uzito wa miguu yake mwenyewe. Arudishe kichwa nyuma, ataelea tena. Miwani ya majini nayo husaidia sana, maana anayeona mawe na mchanga chini hana haja ya kukisia kilichopo.

Bidoni tupu ya lita 5, ikikumbatiwa kifuani, hubeba karibu kilo 5, na hiyo inatosha kuweka uso juu ya maji. Kagua kifuniko kwanza: chenye ufa huingiza maji polepole bila mtu kujua. Hata hivyo bidoni ni ya mazoezi tu, tena mwalimu akiwa hatua moja kando ya mtoto.

Mahali pa kufundishia pachaguliwe kwa makini. Mawe ya lava hukata nyayo, kwa hiyo vaeni viatu vya plastiki. Kingo za Kivu hushuka ghafla. Pimeni kwa fimbo, mfunge kamba mahali kina kinapoishia kifuani mwa mtoto. Upande wa Himbi, Keshero na Bulengo jihadharini na mazuku, yaani mashimo yenye gesi inayoua. Gesi hiyo, kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa, hutulia mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, na mtoto huivuta kwanza kwa kuwa ni mfupi. Mkiona wadudu au ndege waliokufa ndani ya shimo, ondokeni. Mtu akianguka humo, asifuatwe na asiye na kifaa cha kupumulia.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Tunawaomba wakuu wa shule zilizo kando ya ziwa watenge saa moja kwa juma ya kuogelea, na wenye boti wagawe jile za kujiokolea kabla ya kuondoka. Mikanda yote ifungwe, na wa mtoto upite katikati ya mapaja, la sivyo jile litapanda masikioni naye atateleza chini.

Walimu wa kuogelea,
Himbi, Goma