Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Wasichana wa mialoni wapewe boti

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kutoka Jinja. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la umma: wasichana wetu na mchezo wa kupiga makasia.

Yuko mwanamke wa Romania aitwaye Elisabeta Lipă. Mwaka 1984 mjini Los Angeles, akiwa na miaka 19, alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika boti ya watu wawili. Mwaka 2004 mjini Athens, akikaribia miaka 40, akatwaa nyingine katika boti ya watu wanane. Katikati alipita Seoul, Barcelona, Atlanta na Sydney, na hakuna aliporudi mikono mitupu. Medali nane, tano za dhahabu. Ya Barcelona aliipata katika boti ya mtu mmoja, ambako ukichoka hakuna wa kukupokea. Alipoanza, wanawake walishindana mita 1,000. Kuanzia Olimpiki ya 1988 zikawa 2,000, naye akaendelea kushinda. Alipostaafu akaliongoza shirikisho la mchezo huo nchini kwake, na mwaka 2015 akateuliwa waziri wa vijana na michezo. Kiti kama chako, Mheshimiwa.

Kipaji peke yake hakimfikishi mtu miaka 20. Lazima awepo kocha anayelipwa kila mwezi, na boti isiyokosekana asubuhi.

Kwetu tunaye Kathleen Noble, Mganda wa kwanza kupiga makasia katika Olimpiki, kule Tokyo, kisha akarudi tena Paris 2024. Namheshimu sana. Lakini mchezo huo alijifunzia Marekani, chuoni Princeton. Mtu wa Kampala, jirani wa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, akayakute makasia ng'ambo! Hilo linaniuma.

Visiwani Buvuma na Kalangala watoto hushika kafi wakingali wadogo. Koo za Buganda hushindana kwa mitumbwi mbele ya Kabaka na mwalo mzima hufurika watu. Mapenzi yapo. Kinachokosekana ni boti ya mashindano, ambayo si mtumbwi wa sangara: ya mtu mmoja ina urefu wa mita 8 hivi, ni nyembamba mno, na uzito wake unaweza kuwa kilo 14 tu. Mawimbi haiyawezi. Kwa hiyo inahitaji ghuba tulivu, banda la kuihifadhi, na fundi.

Najua Serikali imebeba mzigo wa viwanja vya AFCON 2027. Siupingi. Ila medali zetu zote za Olimpiki zimetoka katika riadha na ndondi, na mwanariadha wetu Peruth Chemutai, mshindi wa dhahabu kule Tokyo, ametuonyesha msichana wa Uganda anaweza kufika wapi akiandaliwa mapema.

Ninachoomba ni ghuba moja iliyotengwa, boti za kufundishia, na makocha wenye mshahara, wakiwemo wanawake. Na kabla ya yote, kila msichana afundishwe kuogelea na apewe jaketi la kuokolea. Ziwa hili limezika wengi, na hakuna mama wa mwaloni atakayemruhusu bintiye bila hayo. Fungu hilo liwekwe katika bajeti ijayo, na lipangwe kwa miaka 10, si kwa msimu mmoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari, Jinja