Naomba unisafishie picha ya Mama Neema

Chang'ombe, Dodoma
11 Agosti 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi sote tu wazima, baridi ya Julai imeanza kupungua na upepo wa vumbi umeshika zamu. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka, na unisamehe kwa hilo. Leo ninaandika kwa sababu kuna jambo moja limeninyima raha kwa wiki mbili, na sina mwingine wa kumweleza akanielewa.

Unakumbuka nilimwahidi Mama Neema picha yake akiwa kwenye jiko lake la mahindi, pale kwenye kona ya Uhindini. Nilikwenda jioni tatu mfululizo kabla ya kuipata. Huku kwetu jua halina simile: likishazama saa 12:30, ule muda ambao anga hubaki na bluu iliyokolea haufiki hata nusu saa, na mteja mmoja akisimama mbele ya lenzi kusubiri hindi lake, jioni yote imekwenda. Siku ya tatu niliweka kamera kwenye stendi, nikafungua lenzi ya milimita 50 hadi f/1.8 ili tundu lake liingize mwanga mwingi, nikaweka ISO 1600 ili kamera ihisi hata mwanga mdogo, na mwanga nikaupima kwenye shavu lake, si kwenye ukuta. Alipopepea makaa, cheche ziliruka na uso wake ukawaka upande mmoja, kuanzia kidevuni hadi kwenye ukingo wa kilemba. Upande wa pili ulibaki gizani, ukuta wa nyuma ukapotea kabisa, na juu ya paa ikabaki bluu kidogo ya mwisho. Sijawahi kupiga picha iliyonigusa kiasi hicho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuihariri usiku, taa ya chumba ikiwa imezimwa na skrini ya kompyuta nimeipandisha mwanga hadi mwisho. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi inategemea mwanga wa chumba ilimo, kwa hiyo kile nilichokiona kama giza laini kingekuwa lami tupu kwenye karatasi. Sikuliwaza hilo hata kidogo. Nilizidi kushusha vivuli, nikaacha wekundu wa makaa kama ulivyo, kwa sababu ukiusahihisha hadi uwe mweupe moto wenyewe unazimika, kisha nikapeleka kazi studio moja ya mjini nikiwa na furaha.

Fundi wa pale ni kijana mwenye nia njema, lakini hakuniuliza. Aliona picha ni ya giza, akadhani nimekosea, akaipandisha mwanga kabla ya kuisafisha. Niliporudi kuichukua nilikuta ukuta umejitokeza wote pamoja na nyufa zake, ndoo mbili za plastiki, dumu la maji na waya wa umeme unaoning'inia. Uso ulikuwa bapa kama wa picha ya pasipoti. Pale palipokuwa na weusi mtulivu palijaa chenga nyekundu na za kijani, kwani sensa ya kamera haikupokea mwanga wowote wa maana mahali pale, na ukilazimisha giza liseme kitu ambacho halikukiona ndicho unachokipata. Aliniambia, "Kaka, nimekusaidia, ilikuwa giza mno." Nilimlipa na kuondoka.

Mama Neema aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mbona kama nimepigwa picha ya polisi? Na ndoo zangu umezileta humu za nini?" Watu wote waliokaa pale walicheka, naye akacheka pamoja nao. Mimi niliumia, kwa sababu usiku hakuna mteja anayeziona ndoo zile. Anayekuja pale humwona yeye na moto wake.

Tangu siku hiyo nimeianza upya kutoka kwenye faili ghafi, lile la kamera ambalo halijahaririwa. Sasa ninafanya kazi mchana, skrini nimeishusha chini ya nusu, na badala ya kuliamini jicho langu ninaangalia grafu ya mwanga, ile inayoonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani. Ukuta nimeuacha upotee. Tatizo lililobaki ni bega lake la kushoto: nikiliinua chenga zinarudi, na nikiliacha kichwa kinaonekana kama kinaelea chenyewe. Nimemfikiria sana Brassaï, yule aliyepiga picha za Paris usiku katika miaka ya 1930, ambaye husimuliwa kwamba alipima muda wa kuacha lenzi wazi kwa urefu wa sigara aliyokuwa akivuta, aina moja kwa mwanga wa wastani na nyingine kwa giza zaidi. Katika picha zake nyeusi ni nyeusi kweli, na bado unajua mtu amesimama wapi. Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye bega lile.

Zipo pia picha za mbuyu nilizopiga mwishoni mwa Julai kando ya barabara ya Bahi, lenzi ikiwa wazi sekunde 20 kwa kila moja, shemeji akiupaka mti mwanga kwa tochi. Hizo zinaweza kusubiri.

Ombi langu ni hili. Kuna mtu wetu anakuja Dar es Salaam kwa treni ya SGR siku ya Ijumaa, nami nitampa flashi ya kompyuta yenye matoleo mawili ya picha ile, kwa kuwa nikiituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp itabanwa na ubora utapungua. Tafadhali uipeleke pale unaposafishia za kwako, uwaombe wazime marekebisho yote ya mashine, wakutolee kwanza nakala ndogo ya inchi 4 kwa 6 ya kila toleo. Uzitazame chini ya balbu moja ya kawaida, kwa sababu sebule ya Mama Neema ina balbu moja.

Je, bega linasomeka, au ninajidanganya? Karatasi ing'aayo hutoa weusi wenye kina, lakini itarudisha mwanga wa balbu machoni; wewe ungechagua ipi? Wanadai kiasi gani sasa kwa saizi ya inchi 12 kwa 18? Mkono wa mama yako umepona? Na je, unaweza kuja tarehe 23 Agosti, ambayo ni Jumamosi na usiku hautakuwa na mwezi, tuende wote kwenye mibuyu?

Mama Neema ananiuliza kila nipitapo. Jana alinipa hindi bila malipo, akasema kama tatizo ni ndoo yuko tayari kuzihamisha nirudie kupiga. Nilimwambia aziache palepale zilipo.

Wako wa siku zote,
Rafiki yako wa Chang'ombe