Mstari wa Tano Kwenye Kotesheni Yetu

Wateja wetu wengi wakipokea kotesheni, yaani karatasi ya bei, ya kulaza bomba la maji, jicho linakwenda kwanza kwenye jumla, kisha linapanda juu kutafuta cha kukata. Na kinachokatwa huwa ni kilekile: mstari wa tano, tulioandika "udongo, maji ya mtaroni na kurudisha eneo". Mteja mmoja mwenye hosteli alinipigia simu: "Kaka, bomba naelewa, koki naelewa, mchanga naelewa. Hii ya udongo mnanilipisha nini, na udongo wenyewe ni wangu?"

Nilicheka, lakini swali ni la haki. Nilimjibu kwa dakika kumi za simu, na baadaye nikaona afadhali niyaandike, maana si yeye peke yake.

Kazi zetu ni Morogoro, nyingi kwenye miteremko ya chini ya milima ya Uluguru. Ukichimba huku, tope halibaki kwako. Mvua ikinyesha linashuka Mto Morogoro au Kikundi, linaingia Ngerengere, na Ngerengere inamwaga Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inaunywa. Upande mwingine wa mji, Mto Mzinga unaingia bwawa la Mindu, na hilo ndilo tegemeo letu wenyewe. Tope unaloliachia leo unakuja kulilipia kesho, kwa sababu maji machafu yanataka dawa nyingi zaidi kusafishwa na bwawa lililojaa mchanga linashika maji kidogo.

Sasa hesabu. Chukua mtaro wa mita 100, upana sentimita 60, kina mita 1. Hizo ni mita za ujazo 60 za udongo. Udongo ukishachimbwa huumuka kama unga wa mandazi, kwa hiyo kando ya mtaro utaona kama mita za ujazo 75. Bomba lenyewe, tuseme la milimita 160, linachukua nafasi ndogo tu, mita za ujazo 2. Kinachokula nafasi ni mchanga wa kulalia bomba: sentimita 10 chini, 15 juu, na pembeni zote. Huo unafika mita za ujazo 22 hivi. Maana yake, hata ukishindilia vizuri kabisa, karibu tipa tatu za udongo hazirudi shimoni. Zinakwenda wapi? Kama hakuna mstari wa tano, zinakwenda korongo la jirani usiku. Wote tunajua.

Na mchanga nao unatoka mahali. Mara nyingi ni mtoni, na kila tipa inayochotwa inaacha kingo zinazobomoka. Ndiyo maana kabla ya kuandika bei tunachimba mashimo mawili matatu ya majaribio. Tukikuta udongo wa kichanga usio na mawe, tunauchekecha palepale kwa wavu na kuulazia bomba. Tipa za mchanga zinapungua, na tipa za kifusi zinapungua pia. Hapo mstari wa tano unarudisha pesa mfukoni kwako. Tukikuta ule mfinyanzi mwekundu uliojaa mawe, hakuna ujanja: mchanga unanunuliwa.

Kuna kosa letu wenyewe ambalo nalisimulia kila nikipata nafasi. Miaka ya mwanzo tulipata kazi kwenye mteremko mkali, mvua za masika zikiwa zimekaribia. Vibarua tulikuwa tunawalipa kwa mita waliyochimba, kama wafanyavyo wengi. Basi walichimba kweli! Siku mbili mtaro ulikuwa wazi zaidi ya mita 200, bomba halijafika hata nusu. Usiku wa tatu ikanyesha. Asubuhi mtaro ulikuwa umegeuka mto, kingo zimelika, na uani kwa mama mmoja wa bondeni tope lilikuwa limefika kwenye kizingiti cha jiko. Ndoo zake za maji ya kunywa zilikuwa zimesimama katikati ya tope lile, vifuniko juu, kama zilivyoachwa jana yake. Tulisafisha siku nzima tukiwa hatuna la kusema.

Tangu siku hiyo tunalipa kwa mita iliyofukiwa na kushindiliwa. Ni badiliko dogo la daftari, lakini limefanya kazi kuliko semina yoyote ya mazingira: hakuna kibarua anayetaka kufungua mtaro asioweza kuufunga jioni. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, tunauweka peke yake na unarudi juu mwisho, ndipo majani yanaota yenyewe. Udongo mwingine tunauweka upande wa juu wa mteremko, hatua moja kutoka ukingoni, ili ukisombwa na mvua uangukie mtaroni badala ya kwa jirani.

Jambo lingine la mteremko halionekani hadi mwaka wa pili. Mchanga uliolaza bomba unapitisha maji kirahisi kuliko udongo ulioko pembeni, kwa hiyo maji ya mvua hutafuta njia humo chini kwa chini. Yakishapata mwendo, yanabeba mchanga, bomba linabaki linaning'inia, maungio yanaachia. Dawa yake ni viroba vya udongo uliochanganywa na simenti, vinapangwa kama ukuta kukatiza mtaro kila baada ya mita kadhaa, kwa karibu zaidi pale mteremko unapozidi. Ni kazi ya nusu saa. Ukikosa kuifanya, utakuja kuona ufa juu ya ardhi ukifuata njia ya bomba kama mtu aliyechora kwa fimbo.

Vibali navipitia haraka. Kukata barabara ya mtaa ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kuvuka mto ni ofisi ya bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, na miradi mikubwa inapita kwa chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira kwa tathmini ya athari kwa mazingira. Tunazishughulikia sisi, ila tupe muda. Anayekuahidi kibali kwa siku mbili muulize anakipata wapi.

Kuna wateja wanaodhani mazingira ni usafi wa mwisho, yaani tukishamaliza tufagie. Kwa kweli uamuzi mkubwa kuliko yote unafanyika kwenye karatasi, kabla sururu haijagusa ardhi, na uamuzi huo ni kipenyo cha bomba. Jumuiya moja ya watumia maji ilitaka kupeleka lita 2 kwa sekunde kwa umbali wa kilomita 1 na ikachagua bomba la milimita 63 kwa sababu bei yake ni ndogo. Kwa mtiririko huo bomba la 63 linapoteza msukumo sawa na kunyanyua maji kama mita 13 kwenda juu, kwa msuguano peke yake. La 90 linapoteza mita 2 na kitu. Pampu italazimika kusukuma mita 11 za ziada kila siku, na ikifanya kazi saa 8 kwa siku kwa ufanisi wa nusu, ni zaidi ya uniti 1,200 za umeme kila mwaka. Kama ni jenereta, hesabu dizeli mwenyewe. Bomba la plastiki husanifiwa kwa miaka 50. Tofauti ya bei ya bomba unailipa mara moja, ile ya dizeli unairithisha wajukuu.

Kuvuja nako kuna hesabu yake. Tundu la milimita 6 kwenye presha ya bar 3 linamwaga zaidi ya lita 1,000 kwa saa, usiku na mchana, chini ya ardhi, bila mtu kuona. Ndiyo sababu hatufukii maungio kabla ya kupima presha, hata mteja akinuna kwamba tunachelewa.

Bomba likishapita kipimo tunalisafisha kwa klorini. Mita 600 za bomba la milimita 160 zinabeba kama lita 9,400. Kuzifikisha miligramu 50 kwa lita tunatumia chini ya kilo moja ya unga wa klorini wa asilimia 65, na maji yanalala humo saa 24. Hayo maji yana klorini mara mia na zaidi ya yale ya bombani kwako. Ukiyafungulia kijitoni, samaki na vyura wanakufa kabla hujafunga koki. Tunayatolea kwenye shimo lililotandikwa turubai, tunaweka thiosalfeti ya sodiamu, dawa inayoua nguvu ya klorini, kisha tunapima kwa kidonge kinachogeuza maji pinki kama klorini bado ipo. Yakibaki meupe, yanamwagwa. Kijana wetu wa vipimo ana neno la mwisho hapo. Hata mimi sina ruhusa ya kufungua.

Tukikuta bomba kuukuu la saruji ya asbesto, hatulikati kwa grainda, kwa sababu vumbi lake linaua mapafu polepole. Mara nyingi linaachwa ardhini na njia mpya inapita pembeni. Ikibidi kulikata, linaloweshwa na kukatwa kwa msumeno wa mkono, na vipande vinafungwa. Vipande vya plastiki wanunuzi wapo, hatuchomi.

Mwisho wa kazi unapata mchoro wa bomba lilivyolazwa hasa, wenye vipimo kutoka kona za majengo, pamoja na utepe wa rangi uliofukiwa juu ya bomba kumshtua mchimbaji ajaye. Mwenye hosteli alipoona mchoro wa kazi yake alisema angeuweka kwenye fremu. Mstari wa tano aliuacha kama ulivyo, ila akatubana kwenye usafiri.

Kwa wenye kazi za miteremko: vuli huku huanza Oktoba, masika Machi. Tuite miezi miwili kabla, tuje na sururu tuchimbe mashimo ya majaribio. Hayo hatutozi.