Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2023

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote.

Mkutano uliopita tulikuwa na ajenda moja: maji hakuna. Kule Somalia mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo, na michango yenu karibu yote ilikwenda kulipia maboza ya maji. Wengi wetu hapa Garissa tuna shangazi na binamu kando ya mito ya Juba na Shabelle, na kila simu ilikuwa ya ng'ombe waliokufa. Mwaka huu simu zilitoka kwa watu walio juu ya mapaa.

Mwezi Mei Shabelle ilivunja kingo zake katika mji wa Beledweyne, na zaidi ya watu 200,000 wakahama. Maji mengi yalitoka milima ya Ethiopia, ndiyo maana mtu aliweza kuona jua limewaka na huku mto unaingia sebuleni. Kisha zikaja mvua za deyr, yaani vuli ya Somalia, zikisukumwa na El Niño: zaidi ya watu 100 walikufa na zaidi ya milioni moja walihama. Daraja la mji wa Bardhere lilisombwa. Luuq, mji ambao mto Juba umeuzunguka kama kitanzi, watu wapatao 2,400 walizingirwa na maji.

Wapo wanachama walioniuliza nchi kavu namna ile inafurikaje. Ardhi iliyokaushwa na jua miaka mitatu huwa ngumu, maji hayanywewi haraka, yanateleza. Lakini kuna jingine tusilopenda kulisema: wakati wa ukame wakulima walitoboa kingo za mto ili wavute maji shambani, na matundu yale hayakuzibwa. Siwalaumu. Mtu ambaye mahindi yake yananyauka hafikirii mafuriko.

Sasa kosa letu, na nasema letu kwa sababu kamati iliongozwa nami. Novemba tulifanya kama tulivyozoea: tukanunua unga, maharage na turubai Nairobi, tukapakia lori. Lori lilifika Madogo, ng'ambo ya mto kutoka hapa Garissa, likakwama, kwa kuwa mto Tana nao ulikuwa umemeza barabara. Tuliishia kuvusha magunia kwa boti, machache machache, na yaliyolowa yakaganda kama saruji. Hata yangevuka salama, tungeyapitisha wapi? Mwezi Mei serikali yetu ilitangaza mpaka na Somalia utafunguliwa, Julai ikaahirisha, na hilo kamati nzima ilikuwa inalijua.

Unga uliosalimika tuliwagawia majirani zetu wa hapa hapa mjini ambao nyumba zao zilikuwa zimejaa maji. Kuna waliolalamika kwamba pesa zilichangwa kwa ajili ya Luuq. Malalamiko hayo ni ya haki, na nilipaswa kuwauliza kwanza. Hata hivyo, nikirudishwa siku ile, nitagawa tena.

Kilichofanya kazi ni kile tulichokichukulia kama nyongeza. Mweka hazina alituma dola kwa hawala, yaani kupitia mawakala wa kutuma pesa, zikaingia kwenye simu za watu kupitia EVC Plus, huduma ya pesa kwa simu ya kule Somalia, siku ile ile. Mama mmoja wa Luuq alitueleza alivyozitumia: kwanza nauli ya boti, yeye na watoto wanne, kisha vidonge vya kutibu maji, maana vyoo vilikuwa vimefurika na kipindupindu kilikuwa kinaogopwa, chakula baadaye. Akatuomba tusipeleke tena blanketi. "Likilowa halibebeki," alisema.

Kuhusu uanachama sina mengi: walioingia ni wengi kuliko waliotoka, na ada za robo ya mwisho bado zinadaiwa. Wahusika wanajijua.

Kamati inaleta pendekezo moja. Tufungue mfuko wa dharura unaokaa na pesa taslimu kabla ya kila gu, yaani masika, na kila deyr, pamoja na orodha ya namba za simu iliyohakikiwa na wazee wa kila mji, ili mto ukijaa tusianze kupitisha kofia. Bidhaa zinunuliwe kule kule, pale soko linapofanya kazi. Ukame ukirudi, mfuko huo huo utalipia maboza.

Mweka hazina atasoma hesabu, kisha tupige kura. Magunia mawili ya unga ulioganda yako nyuma ya mlango wa ofisi, kwa anayetaka kuyaona kabla ya kunyoosha mkono.