Lengo la muda mfupi lihesabike

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie malengo ya muda mfupi, jambo linalotajwa karibu kila semina na bado hutumiwa vibaya. Watu huambiwa wachukue lengo kubwa walikate vipande. Ushauri ni mzuri, lakini wengi hukata muda na kuiacha kazi nzima nzima. "Mwaka huu nijue Kifaransa" inageuka kuwa "mwezi huu nikazane na Kifaransa". La kufanya kesho asubuhi bado halijulikani.

Lengo la muda mfupi, liwe la siku moja au la miezi mitatu, linapaswa kuwa wazi kiasi kwamba hata mtu wa pembeni anaweza kusema limetimia au la. Kukazana hakuna wa kukuhesabia. Kujua maneno mapya 15 ifikapo Ijumaa, na kuyatungia sentensi bila kuchungulia daftari, kunahesabika.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk walichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Mazoezi yalikuwa ya kurasa 42, vipindi 7. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa 6 kila kipindi. Jingine limalize zote 42 mwisho wa kipindi cha saba. Kazi ileile, muda uleule. Waliolenga kurasa 6 ndio walioimarika zaidi katika hesabu, wakajiamini zaidi, na hata kuzipenda. Kila kipindi kiliwapa ushahidi kwamba wanaweza, na ushahidi huo haupatikani kwa kuhimizwa kwa maneno.

Sasa kuna kosa la hesabu ambalo naliona hata kwa watu makini. Mtu ana kitabu cha kurasa 300 na siku 30, anagawanya, anapata kurasa 10 kwa siku. Mpango huo unadai siku zote 30 ziende sawa, bila homa wala mgeni wa ghafla, na mwezi wa namna hiyo ni nadra. Apange kurasa 12 kwa siku 25, siku 5 ziwe akiba. Akikosa siku, kesho yake asijibebeshe kurasa 24. Asome 12 zake na siku moja ya akiba ihesabiwe imetumika. Deni likirundikana mtu hukata tamaa akaacha kabisa, kisha anaitwa mvivu. Si haki.

Pia lenga kitendo kilicho mikononi mwako. "Nipunguze kilo 2 wiki hii" ni lengo baya hata kama nia ni njema, kwa sababu uzito hupanda na kushuka kwa maji ya mwilini tu. Kutembea dakika 30 siku tano za wiki kuko ndani ya uwezo wako. Kisha lifunge lengo lako kwenye saa au tukio: "nikishaosha vyombo vya jioni, nafungua daftari". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 jinsi mipango ya namna hii inavyosaidia, kwa kuwa tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha. Malengo mawili au matatu kwa wakati mmoja yanatosha.

Ombi langu kwa waendesha semina: mshiriki asiondoke na kaulimbiu tu, aondoke na kalenda aliyoijaza mwenyewe, yenye siku za akiba na dakika 15 za mapitio kila wiki. Na afundishwe la kufanya mambo yakikwama, maana hapo ndipo wengi huachwa peke yao. Lengo likikosekana wiki mbili mfululizo, lipunguzwe, kurasa 12 ziwe 8, na tarehe ya mwisho isogezwe siku hiyohiyo. Zikiwa zimebaki kurasa 200, hizo ni siku 25 badala ya 17, na akiba ihesabiwe upya juu yake.

Msomaji wako