Posho mill inaruka ukiizima? Usikimbilie kununua mota

Wateja wengi wa huku Kisumu, Maseno hadi Luanda wanatupigia wakisema mashine inasaga poa, lakini ukizima stima, kabla isimame, inatetemeka vibaya hadi mabati yanapiga kelele halafu ghafla inatulia. Wengine washauziwa mota mpya na bado inaruka, na hiyo inatuuma sana juu pesa imeenda bure.

Iko hivi. Mashine na fremu yake zina mwendo wao wa kutingika, yaani mara ngapi zinatingika kwa sekunde, unategemea uzito na vile vyuma vimekaza. Ukiisukuma kwa mwendo huo huo wake, kila msukumo unaongezea ule umetangulia na mtikisiko unakua tu, hata kama msukumo wenyewe ni mdogo. Hiyo ndio wanaita rezonansi.

Kwa posho mill anayesukuma ni hama, vile vyuma vinazunguka ndani ya kinu vikiponda mahindi. Chukua mota inazunguka kama mara 1,440 kwa dakika, puli zikiongeza mara mbili shafti ya hama inakimbia 2,880, yaani mara 48 kila sekunde. Sasa hama moja ikilika gramu 50 zaidi kuliko ile inaangaliana nayo, na iko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, nguvu inayovuta shafti inafika karibu kilo 90, gunia zima la mahindi, na linavuta kila upande mara 48 kwa sekunde. Beringi itadumu aje? Tafadhali hama ikivunjika msibadilishe hiyo moja tu, badilisheni na ile inaangaliana nayo.

Ikiwa spidi kamili mashine imeshaupita mwendo wa fremu, ndio maana inatulia kiasi, lakini ikishuka lazima ipitie pale. Mbaya zaidi ni fremu ambayo mwendo wake uko karibu na hiyo 48, hiyo itatetemeka siku nzima hadi weldi zipasuke.

Kuna mafundi wanakimbilia kuweka raba chini, wengine wanaweldi angle laini. Raba inashusha mwendo wa fremu, chuma kinaupandisha, na yoyote inaweza kukutoa kwa shida ama ikusukume ndani yake kabisa. Sisi tunaanza na mizani: tunatoa hama zote, tunapima, zenye uzito sawa tunazipanga zikiangaliana, ndio tunaenda kwa beringi na bolti za msingi.

Kabla utupigie, toa belti uwashe mota pekee. Ikizunguka bila kutetemeka, shida iko kwa kinu ama fremu. Utuambie pia kama inaruka ikiwa spidi kamili ama ikishuka tu, tujue tunabeba vyuma gani.