Risala ya kikundi cha usalama cha wanafunzi wa uchimbaji kwa mgeni rasmi, 28 Aprili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkuu wetu wa chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja huku, na wanafunzi wenzangu, wakubwa shikamooni na wengine habari zenu. Karibu sana Mheshimiwa, tunajua ratiba yako imebana na barabara ya kuja huku inajulikana, kwa hiyo kukuona umekaa hapo mbele kwetu ni heshima.

Risala hii ni ya kikundi cha usalama, tunakutana kila Alhamisi jioni, na kilichotukutanisha ni kwamba darasani wote tunajua kuchora ramani ya mgodi vizuri tu, ila siku moja mwalimu akauliza moto ukiwaka hapa kwenye belti ya kubebea makaa we unatokea wapi, darasa zima likawa linaangaliana. Tangu siku hiyo tukasema hapana, hatuwezi kumaliza chuo hivi.

Tunataka kuongea njia na hewa tu, kwa sababu kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa kuingia chini pale unapopita wewe ndo inapopita hewa yako, ukiharibu kimoja umeharibu na kingine. Najua kuna watu wanasema makaa yetu mengi saivi yanachimbwa kwa shimo la wazi kama kule Ngaka, Mbinga, sasa habari za hewa zinatuhusu nini. Zinatuhusu, maana Kiwira ulioanza 1988 kwa msaada wa Wachina ulijengwa kuwa mgodi wa kuingia chini, na sisi hapa ndo tunaosomea kazi hiyo ya chini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makaa ukiyakata yanatoa gesi, hasa methani, haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko hewa kwa hiyo inapanda inajificha kwenye dari, na ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inasubiri cheche tu. Ndo maana sheria ya Marekani inasema ikifika asilimia 1 zima umeme, ikifika 1.5 toa watu, yaani wanatoka wakati hatari bado iko mbali. Halafu kuna kaboni monoksidi, hii inakuja na moto au mlipuko, nayo haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivo mtu anapumua vizuri kabisa huku anakufa. Dawa ya yote haya inaanzia kwenye hewa safi inayotembea muda wote, inaingia njia moja, inapita pale watu wanapochimba, inatoka njia nyingine na uchafu wake.

Mimi ninayesoma risala hii, mwaka jana nilikuwa fildi kwenye mgodi mmoja, jina naliacha. Kule mbele tulipokuwa tunachimba kulikuwa na fundi mzee, alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye boriti juu, uzi wa kufumia sweta, urefu kama shibiri. Nikadhani ni alama tu ya vipimo. Akaniambia mwanangu, huo ukicheza mimi nafanya kazi. Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, uzi ukalala. Hakuna kelele, hakuna harufu, taa zinawaka vilevile na mimi naendelea kujaza toroli. Mzee akanishika bega, akazima mashine, hakupiga kelele hata kidogo, akatutoa wote saba tukifuatana na mikono ukutani. Tulivyofika kwenye milango ya hewa tukakuta yote miwili imeegemezewa magogo ili matoroli yapite bila kusimama. Mtu alikuwa anaokoa dakika mbili.

Mheshimiwa, hii milango ndo kitu ambacho watu wa nje hawakielewi, wanaona ni mbao tu. Hewa ni kama maji ya mfereji wa bustani, inafuata palipo rahisi, ukitoboa tundu huku juu, kule chini kwenye mchicha hakifiki kitu. Milango inawekwa miwili miwili makusudi, unafungua wa kwanza unaingia unafunga, ndo unafungua wa pili, ili muda wote mmoja uwe umefungwa. Ukiacha yote wazi, hewa safi inakata kona inaingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa chafu na kurudi juu, feni inazunguka, kila mtu huko nje anaona kazi inaendelea, na mbele kule watu saba hawana kitu. Zamani Uingereza kazi ya kufungua na kufunga hiyo milango walipewa watoto, wengine wa miaka mitano au sita, wanakaa gizani peke yao kutwa nzima na kamba mkononi, mpaka sheria ya 1842 ikakataza wavulana chini ya miaka 10 na wanawake wote kushuka mgodini. Mi nikifikiria huyo mtoto naona aibu kwa sisi watu wazima tunaoweka gogo.

Kuhusu njia, Januari 1862 mgodi wa Hartley kule kaskazini ya Uingereza ulikuwa na shimo moja tu la kushukia, humohumo hewa inaingia humohumo inatoka, katikati kuna ukuta wa mbao. Boriti la chuma la injini ya kuvuta maji likakatika likaangukia ndani, likabomoa kila kitu likaziba. Watu 204 wakafia chini, wanaume na vijana wadogo, wengi hawakuwa hata na jeraha, gesi tu. Mwaka huohuo wakatunga sheria kwamba mgodi wa makaa lazima uwe na njia mbili za kutokea. Watu 204 ndo wakaonekana wametosha kuwa sababu! Na hapa Afrika, Wankie, ambayo saivi ni Hwange ya Zimbabwe, tarehe 6 Juni 1972 mlipuko uliua zaidi ya watu 420, na wengi mpaka leo wamo humohumo chini, hawakutolewa. Kwenye milipuko mikubwa kama hiyo vumbi la makaa linabeba moto kutoka kichochoro mpaka kichochoro, kwa hiyo lazima limwagiwe unga wa mawe ya chokaa, hilo walimu wanatufundisha vizuri, sitalirefusha.

Watu wanapenda kusema ajali haina kinga. Sisi kikundi kwa kweli hatukubali.

Nieleze kidogo kuhusu kamba. Marekani mwaka 2006, baada ya watu 12 kufa mgodi wa Sago, West Virginia, sheria ikakazwa, na kwenye njia za kutokea kunakuwa na kamba isiyoshika moto, imevishwa koni ndogo za plastiki kila baada ya mita kama 30 hivi. Ncha nyembamba ya koni inaangalia ndani ya mgodi, kwa hiyo moshi ukijaa, taa haisaidii, unapeleka mkono tu, ukiteleza juu ya koni ujue unaelekea nje, ukigota kwenye kitako ujue umegeuka, unarudi kwenye moto. Tulijaribu wenyewe kwenye korido ya bweni, kamba ya kuanikia nguo, vikombe vya plastiki vilivyotobolewa, tukafungana vitenge machoni. Karibu nusu yetu mara ya kwanza tulienda upande mbaya, na hapo hakuna moshi, hakuna anayelia, ni korido tunayopita kila siku. Mara ya tatu wote tulitoka.

Kwa hiyo Mheshimiwa Mgeni Rasmi tunaomba yafuatayo. Chuo kina kipimo kimoja cha methani tunachopokezana darasa zima, tunaomba utusaidie tupate vingine, maana mtu anamaliza hajawahi kukishika zaidi ya dakika tano. Tunaomba pia handaki la mazoezi, hata la matofali, refu kidogo, lenye milango miwili ya hewa na kamba. Na la mwisho halihitaji bajeti. Ukitembelea mgodi wowote wa chini, watakupitisha njia ya wageni yenye taa. Tunakuomba uwaambie wakupeleke njia ya pili ya kutokea, uitembee kwa miguu yako mpaka uone jua, na wachimbaji wa shifti hiyo wakikuona.

Tunaomba kuwasilisha.